Saini za Wanaume wa Widgeon Neck

Barua ilikuja Jumanne, na mimi kwa ujinga wangu niliifungua nimesimama, sufuria ya supu ya chaza iko motoni. Nilipofika mstari wa nne nikazima jiko. Nilipofika mwisho nikakaa kwenye kiti cha mume wangu Wendell, kiti ambacho huwa sikikalii.

Tume ya uchaguzi ya kaunti ilikuwa imekataa saini hamsini na nane kati ya zile nilizokusanya. Sababu yao: hazifanani na saini zilizo kwenye kadi za wapiga kura. Na kwa kuwa mimi, Loretta Bozman, niliapa kwa maandishi kwamba kila mtu ametia saini kwa mkono wake mbele ya macho yangu, nilitakiwa kufika mbele ya tume Jumatano ya wiki iliyofuata nikajieleze kwa kiapo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba kuapa uongo ni kosa la kifungo.

Nina miaka sitini na mmoja. Sijawahi hata kuandikiwa faini ya kuegesha gari.

Saini zenyewe zilikuwa za barabara. Mkuu wa Kaunti alitaka katiba ya kaunti ibadilishwe. Katiba hiyo haina makuu. Inasema nani achaguliwe, nani ashike fedha, na barabara ifungwe vipi. Hapo kwenye barabara ndipo palipotuuma. Kwa maneno ya zamani, barabara ya kaunti haiachwi bila matengenezo mpaka baraza lipige kura, na kabla ya kura madiwani lazima waje wakae na watu wanaoitumia, wawatazame usoni. Mkuu alitaka yote hayo yafutwe, uamuzi uwe wake peke yake na kalamu yake. Na kila mtu alijua ataanza na ipi. Kijiji chetu, Widgeon Neck, kina barabara moja tu, maili sita katikati ya kinamasi, na bamvua likija maji hupita juu yake. Inakula lami na mawe kila mwaka. Ikiachwa misimu miwili tunakuwa kisiwa, na gari la wagonjwa halitufikii.

Dawa ilikuwa moja. Wananchi nao wanaruhusiwa kupeleka pendekezo lao kwenye kura, ilimradi wapate saini za kutosha za wapiga kura. Letu lilikuwa sentensi moja: maneno ya zamani kuhusu barabara yabaki, na Mkuu yeyote asiyaguse. Kaunti nzima tulivuka kiwango kwa saini arobaini na moja. Ukitoa hamsini na nane tunapungukiwa, na barabara inakwenda na maji.

Sasa kuhusu mimi. Mimi ni karani wa kanisa letu la Methodisti, na nina ugonjwa wa kufuata maelekezo. Kwenye mafunzo ya wakusanyaji tuliambiwa: kila mtu kwa mkono wake, mbele yako. Wenzangu wa vijiji vingine, nasikia, waliacha karatasi kwenye kaunta ya duka wakaenda zao. Mimi? Thubutu. Wanaume wetu ni watega kaa, wanatoka na boti kabla hakujapambazuka sawasawa, kwa hiyo nilisimama gatini asubuhi mbili na ubao wangu na kalamu tatu, upepo unanichapa mashavu.

"Kwani Arlene hawezi kuniwekea?" aliniuliza Elwood Tawes. Huyo Arlene ni mkewe, na ni shoga yangu tangu darasa la kwanza.

"Hawezi. Sheria inataka mkono wako."

"Mkono wangu unanuka chambo."

"Sheria haina pua, Elwood. Tia saini."

Wenzake wakacheka, wakavua glovu, wakaja mmoja mmoja. Walichora majina yao polepole, ndimi nje, utadhani wako mtihanini. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa kwa kujisifu.

Kumbe ndivyo nilivyojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Kwetu, tangu enzi za nyanya zetu, mwanamume hushika kamba na mwanamke hushika kalamu. Saa ofisi zinapokuwa wazi waume wako majini. Leseni ya kaa, kodi, fomu za shule, hati ya boti, vyote mke huviandika, na mwishoni huweka saini ya mumewe bila kupepesa macho. Hakuna aliyeona kuwa ni wizi. Ni kazi ya nyumbani, sawa na kufua. Miaka kumi na tisa iliyopita, tume ilipotuma mtu kuandikisha wapiga kura upya, alikaa kwenye jumba la zimamoto Alhamisi adhuhuri, wanaume wote wakiwa majini. Tukaenda sisi. Kila mwanamke akajaza kadi mbili. Nilijaza yangu na ya Wendell, nikamkatia yule mtu kipande cha keki na kumshukuru kwa kufunga safari.

Basi kadi ziliandikwa na wake, na karatasi zangu ziliandikwa na waume. Hazikufanana kwa sababu zangu zilikuwa za kweli.

Jioni ya Jumanne ile nilimsomea Wendell barua. Alikuwa hajavua mabuti yake meupe ya mpira, na sikumgombeza, jambo lililomwonyesha kwamba hali ni mbaya.

"Waambie ukweli tu, Lori," alisema.

"Ukweli upi? Nikisema sikughushi hizi, wataniuliza kwa nini kadi zina mwandiko mwingine. Yako niliiandika mimi."

Akajikuna kidevu. "Kwa hiyo ukikana kosa hili unakiri lile."

"Ndiyo."

"Na wanawake wengine?"

"Nitakuwa nimewataja wote."

Akainama kuvua buti. Wendell si mtu wa maneno, lakini kimya chake huwa na kitu ndani. Safari hii hakikuwa na kitu, na hilo lilinitisha kuliko barua.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kushtuka. Alhamisi gari jeupe lenye nembo ya kaunti liliegeshwa mbele ya kanisa, na kijana mwenye tai akaingia kwenye kiwanda cha kuchambua kaa kuuliza ni nani huko huandika risiti, na kama anaweza kuona chache alinganishe mwandiko. Simu ikilia naitazama mpaka inyamaze. Nililala nikiota mlango wa chuma, nikaamka nimeshika shuka kwa mikono miwili. Niliwahi kumtembelea mpwa wangu jela ya kaunti. Najua harufu yake, sabuni ya sakafu na kabichi. Harufu hiyo ilihamia jikoni kwangu. Chakula kikawa hakipandi.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Arlene. Niliingia kwa mlango wa nyuma kama siku zote, bila kubisha. Walikuwepo wanawake saba mezani, na maongezi yakakatika. Mmoja akavuta kitambaa cha meza, akafunika kitu. Elwood alikuwa kwenye kona, na kidole gumba chake kilikuwa na wino.

"Kuna msiba?" niliuliza.

"Wee Loretta, acha woga," alisema Arlene, akanishika mabega na kunikalisha. "Tumeshalipanga."

"Mmepanga nini?"

"Wewe nenda tu Jumatano. Wanaume watakuja wote. Wataambiwa watie saini mbele ya tume, watatia, mambo yatakwisha."

"Watatia kwa mikono yao?"

"Sasa watatia kwa miguu?" alisema, na wote wakacheka, mimi nikiwemo. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu Jumanne. Arlene akanifungia nusu ya keki ya matabaka kwenye karatasi, akanisindikiza hadi ngazini. Nilitoka pale nimepumua kidogo, bila kuuliza nililopaswa kuuliza.

Jumatano tulikwenda, magari thelathini yakifuatana, maji yakiwa yamelamba kingo za barabara pande zote mbili. Chumba cha tume kiko ghorofa ya pili ya jengo la kaunti, kina taa nyeupe zinazovuma. Mwenyekiti alikuwa Bi. Ashcombe, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, na wajumbe wawili kando yake. Upande wa pili alikaa mwanasheria wa Mkuu, bwana Kessler, kijana mpole. Aliinuka kunivutia kiti. Nilitamani angenifokea.

Niliinua mkono wa kulia, nikaapa.

"Tutaita wanne kwa kuanzia," alisema Bi. Ashcombe. "Kila mmoja atatia saini mara tatu kwenye karatasi tupu. Bwana Tawes."

Elwood alikuja mbele amevaa koti lake la kanisani. Akainama, akaandika. Mimi nilikuwa karibu, hatua mbili, na niliiona vizuri ile herufi ya kwanza. Ilikuwa na mkia mrefu uliojikunja mara mbili. Mkia huo naujua. Nimeuona tangu darasa la kwanza, kwenye madaftari, kwenye kadi za Krismasi, kwenye mapishi ya keki. Ni mwandiko wa Arlene.

Walikuwa wamewafundisha. Wiki nzima, kwenye meza za jikoni, wake waliwakalisha waume zao na kuwafundisha kuandika majina yao wenyewe kama wake wanavyoyaandika, ili kadi zisije zikawaumbua. Kila mwanamke aliokoa kadi yake. Na hakuna hata mmoja aliyefikiri, au labda walifikiri, sijui mpaka leo, kwamba kadi ikiwa ya kweli basi karatasi yangu ni ya uongo.

Bi. Ashcombe akalinganisha. "Inafanana na kadi," alisema. "Haifanani na karatasi ya Bi. Bozman. Bwana Tawes, hii ndiyo saini yako ya siku zote?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii iliyo kwenye karatasi, uliiandika wewe?"

Elwood alitazama viatu vyake. "Sikumbuki vizuri."

"Hukumbuki!" Lilinitoka kabla sijajizuia. "Ulisema mkono wako unanuka chambo!"

"Bi. Bozman, tafadhali," alisema mwenyekiti.

Elwood alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alirudi kukaa, na Arlene akampisha bila kuinua macho. Wa pili akaja, vilevile. Wa tatu naye vilevile, na huyu alikuwa ameshajua vizuri, aliandika haraka kwa maringo kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hizi nilizivaa mwenyewe kwa miaka sitini na mmoja.

"Mama," alisema Kessler kwa ule upole wake, "kama mabwana hawa wanaandika hivi, hizi nyingine nani aliziandika? Maana uliapa uliona."

Nilisikia taa zikivuma.

"Bwana Wendell Bozman," aliita mwenyekiti.

Wendell hakuwa amefundishwa na mtu. Alikuja mbele, akashika kalamu, akanitazama. Niliona anajaribu kukumbuka jinsi ninavyoandika jina lake, ananitafutia njia, maskini, na hakuna njia. Akiandika kwa mkono wake, kadi ni kosa langu. Akiiga mkono wangu, karatasi ni kosa langu. Vyovyote vile ninakwenda mimi. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni kwenye chumba chenye baridi.

Nikainuka.

"Asiandike kabla sijasema," nikasema. "Kadi ya mume wangu niliiandika mimi. Miaka kumi na tisa iliyopita, jumba la zimamoto. Alikuwa majini. Ya kwenye karatasi ndiyo yake mwenyewe. Mwache aandike kwa mkono wake mtaona."

Wendell akaandika, kubwa kubwa, herufi zimelala upande, kama alivyoandika gatini. Bi. Ashcombe akaweka karatasi mbili pamoja, akavua miwani.

"Zinafanana," alisema. Kisha akatazama nyuma yangu, kule walikokaa watu wangu, safu baada ya safu, waume na wake. Nadhani alielewa pale pale. Alizungumza polepole. "Tume inaweza kurekebisha kadi. Mtu ambaye kadi yake iliandikwa na mwingine anaweza kuandika mpya leo, hapa hapa, na saini yake kwenye pendekezo ikahesabiwa. Lakini lazima tuambiwe. Mke aseme mwenyewe, au Bi. Bozman, aliyeapa, aseme ni akina nani."

Mwanasheria akainuka. "Na iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba kuandika kadi ya mwingine ni kosa la jinai, kila kadi peke yake. Nitaomba kila jina lipelekwe kwa mwendesha mashtaka."

Niligeuka. Ilitosha wainuke wanawake kumi na sita, na mimi wa kumi na saba, barabara ingepona. Hata wasipoinuka wote. Niliwatazama mmoja mmoja. Mmoja alikuwa akikunja na kukunjua leso. Mwingine amefumba macho, anasali labda. Arlene alikuwa akinitazama mdomo, si macho, mdomo, akisubiri kitakachotoka, na uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Sikuwahi kumwona na hofu ya namna ile, hata mwaka ule boti ya Elwood ilipopotea siku mbili.

Hakuinuka mtu.

"Bi. Bozman," alisema mwenyekiti, "wapo wengine?"

Niliwajua wote. Ningeweza kuwataja kwa mpangilio wa viti vya kanisani. Barabara ilikuwa pale mdomoni mwangu, maili sita, na gari la wagonjwa, na wanangu wakija kula nyumbani Sikukuu ya Shukrani. Na uhuru wangu ulikuwa pale pale. Nikitaja, zile saini nyingine zinasimama na mimi natoka safi kwenye shtaka la kughushi. Kila kitu kilisema taja. Lakini niliogopa. Niliogopa jela, ndiyo. Ila jela ina tarehe ya kutoka. Widgeon Neck haina. Kuishi pale nikiwa yule niliyewataja wanawake hamsini na saba kwa kinywa changu, kukutana nao gatini, kanisani, makaburini, hilo niliogopa zaidi. Wasinisifu watu kwa wema. Ilikuwa hofu tu, imekula hofu nyingine.

"Najua ya kwangu," nikasema. "Nyingine sijui."

Nyuma yangu nilisikia watu wakishusha pumzi, chumba kizima kwa pamoja.

"Hujui," alirudia Kessler. "Lakini saini zao uliapa uliziona."

"Niliziona."

"Na wao wanazikana."

"Hawajazikana. Hawakumbuki."

Akaandika kitu, akafunika kalamu yake. Bi. Ashcombe aliiweka karatasi ya Wendell kando ya nyingine. Basi akatangaza: saini moja imerudishwa, hamsini na saba zimekataliwa, pendekezo halikufikia kiwango. Jalada langu lingekwenda kwa mwendesha mashtaka. Alilisema taratibu, kama daktari.

Watu walianza kuinuka, viti vikikwaruza sakafu. Arlene alinijia, akanishika kiwiko, vidole vyake baridi. "Loretta," alisema, "shoga yangu, Mungu akuzidishie." Nikautoa mkono wangu. Sikumjibu, kwa kuwa ningemjibu ningemtaja.

"Bado kitu kimoja, mama," alisema Bi. Ashcombe. Karani alikuwa amechapa maelezo yangu, ukurasa mmoja, na chini yake pana mstari. Uongo wote niliousema katika jambo hili tangu mwanzo ulikuwa kwenye ukurasa huo, maneno mawili: 'Nyingine sijui.' Wendell alisimama ubavuni kwangu ameshika kofia. Nikainama, nikatia saini; herufi zilitoka zimepinda, si kama zangu za siku zote.

Mwenyekiti akaichukua. Akavaa miwani, akafungua faili, akatoa kadi yangu mwenyewe, ile niliyoijaza jumba la zimamoto kwa mkono wangu na kwa jina langu. Akatazama huku, akatazama kule.

"Hii haifanani, mama," alisema. "Rudia."